Kwenda bichi yenye hifadhi: fuata maji, usifuate saa yako

Kazi yangu ni kutembeza watu kwenye fukwe za wazi, zile zenye hifadhi, wanyama wa pwani na njia za kutembea kwa miguu, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni "tuje saa ngapi?" Sasa hapo mi siwezi kukujibu mpaka niangalie jedwali la maji, lile la saa za kujaa na kupwa. Hao wanaoondoka wakilalamika "hamna kitu kule, mchanga tu" nikiwauliza walifika saa ngapi, karibu wote walifika wakati maji yamefunika kila kitu.

Hatua ya 1: Soma jedwali la maji kabla hujapanga siku

Liko kwenye simu, andika tu jina la sehemu unayoenda na maneno maji kujaa na kupwa. Sehemu nyingi duniani maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kutoka kujaa mpaka kujaa tena ni kama masaa 12 na dakika 25, ndo maana kila siku yanachelewa kwa karibu dakika 50. Kwa hiyo mwenzio akikwambia Jumamosi iliyopita saa tatu asubuhi alikuta miamba yote iko nje, we ukienda Jumamosi hii saa tatu hiyohiyo utakuta bahari imejaa kabisa, maana ndani ya wiki moja zile dakika 50 zimeshafika karibu masaa sita.

Angalia na mwezi pia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ndo kuna bamvua, maji yanajaa sana na yanapwa sana, unatembea mpaka sehemu ambazo siku zingine ni za samaki. Nusu mwezi ni maji mafu, yanasogea kidogo tu. Kama unataka kuona viumbe wa miambani, chagua bamvua.

Halafu kuna mtego wetu sisi tunaosema Kiswahili. Siku moja nilimwachia mtu wa kwenye kundi asome jedwali, akaniambia maji yanapwa saa kumi, basi tukafika saa tisa alasiri na viatu vyetu vya miambani na ndoo za watoto, bahari hiyoo imejaa pomoni. Jedwali lilikuwa limeandika 10:00. Yaani saa nne asubuhi, sisi tulikuwa bado tunakunywa chai. Tangu siku hiyo nasoma mwenyewe, na naangalia kama jedwali linatumia saa za pale au za GMT.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya kurudi

Hii usiiruke. Maji hayarudi kwa mwendo mmoja. Wanamaji wana hesabu ya mafungu 12: ukigawa maji yote ya kujaa kwa 12, saa la kwanza linaingia fungu 1, la pili mafungu 2, la tatu 3, la nne 3, la tano 2, la sita 1. Ni makadirio tu lakini yanasaidia sana. Kama tofauti ya kupwa na kujaa ni mita 3, basi saa la tatu na la nne peke yake yanaleta mita moja na nusu, na ukiangalia lile saa la kwanza unadanganyika kabisa kwamba bahari imelala.

Mi nafika saa moja na nusu kabla maji hayajafika mwisho wa kupwa, nayafuata yakienda, na yakianza tu kugeuka nageuka nayo. Na usiangalie mbele tu, angalia nyuma yako. Maji yanapenda kuingia kwanza kwenye mifereji ya chini iliyo kati yako na nchi kavu, wewe uko juu ya mwamba mkavu unapiga picha, nyuma tayari kuna mto.

Hatua ya 3: Viatu, na sio ndala

Vaa viatu vya kufunika vidole, vya zamani, vyenye soli ngumu. Kwenye bahari za joto kuna samaki-jiwe ambaye huwezi kumtofautisha na jiwe mpaka umkanyage, kuna wale viumbe wa mviringo wenye miiba mieusi kama nungunungu, kuna samaki taa aliyejifukia mchangani. Ukitembea kwenye maji ya magotini usinyanyue miguu, iburuze, taa akisikia mtikisiko anaondoka mwenyewe. Akikuchoma, au ukichomwa na samaki-jiwe, chovya mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia (yasizidi nyuzi 45) huku mnatafuta daktari.

Maji ya kunywa, kofia, darubini kama unayo. Basi.

Hatua ya 4: Ubao wa getini na bendera

Dakika mbili tu. Unajua njia ipi imefungwa na ndege wanataga wapi. Bendera mbili, kila moja nusu nyekundu nusu njano: ogelea katikati yake. Nyekundu peke yake: usiingie. Na ukiona kati ya mawimbi yanayovunjika kuna sehemu tulivu, nyeusi kidogo, usiifurahie, mara nyingi huo ni mkondo unaovuta kwenda baharini. Ukikubeba usishindane nao, ogelea sambamba na ufukwe mpaka utoke, ukichoka elea na unyanyue mkono.

Hatua ya 5: Miambani, chuchumaa

Watu wanatembea haraka mno. Chagua kidimbwi kimoja, chuchumaa, kivuli chako kisiangukie maji, subiri dakika tano. Mwanzoni ni mawe na mwani. Halafu konokono mmoja anaanza kukimbia, na konokono hakimbii, kumbe ni kaa amehamia ndani ya ganda tupu. Akikua anatafuta lingine, analipima kwa magando, analigeuza, anachomoa ile sehemu yake laini ya nyuma na kuiingiza ganda jipya haraka kama mtu anayebadilisha nguo nje. Ndo maana nawaambia watu waache makombe palepale.

Ukigeuza jiwe, lirudishe vilevile lilivyokuwa, waliokuwa chini yake wakibaki juani wanakauka. Na konokono mwenye umbo la koni, hata awe na urembo gani, usimshike. Baadhi yao sumu yao imeshaua watu na haina dawa ya kuivunja.

Hatua ya 6: Njia za mikokoni na matuta ya mchanga

Kama kuna mikoko, simama kwenye daraja la mbao na unyamaze. Tope linaonekana tupu kwa sababu umefika na kishindo. Baada ya muda wanatoka kaa madume wenye gando moja kubwa, wanalipunga kuita majike. Kwenye mchanga utaona vidonge vidogo vimepangwa kuzunguka shimo, hicho ni chakula cha kaa kilichokwishaliwa: anatia mchanga mdomoni, anachuja uchafu wenye lishe, anatema kidonge kisafi.

Kwenye matuta usikate njia. Zile nyasi ndo zimeshika mchanga, na mayai ya ndege wengine yako juu ya mchanga wazi, rangi ya kokoto, utayakanyaga bila kujua. Mbwa afungwe kamba.

Hatua ya 7: Ndege ni maji yakirudi

Wengi wakati huo wanakuwa wameshaondoka, kosa kubwa. Maji yakijaa yanawasukuma ndege wote kwenye kipande kidogo karibu na wewe. Kaa chini, usiwasogelee, na mtoto asiwakimbize ili upate picha ya kundi likiruka. Ndege mmoja wa ufukweni, wale wa mdomo mrefu ambao jina lao la kisayansi ni Limosa lapponica, mwaka 2022 alifuatiliwa kwa setilaiti kutoka Alaska mpaka Tasmania, kilomita kama 13,560, siku 11 bila kutua. Mafuta ya safari kama hiyo anayakusanya ufukweni, kidogokidogo, na kila ukimrusha unamchomea akiba.

Hatua ya 8: Kabla ya kuondoka

Fukia mashimo yote na bomoa ngome za mchanga, kasa wadogo wakianguliwa usiku wanatumbukia humo. Kama utabaki mpaka giza, zima tochi na flashi, wale watoto wanafuata mwanga wakidhani ndo bahari.

Mwisho kagua mifuko ya watoto, kila ganda lichungulie ndani. Mi nilishawahi kuendesha nusu saa nzima nikisikia kitu kinakwaruza, nikadhani gari limeharibika, kusimama nakuta konokono anapanda dashibodi. Ilibidi nigeuze gari.