Pima koili kabla hujaizika kompresa

Wakuu, salaam kutoka Unga Limited, Arusha. Wiki hii nimeletewa kompresa mbili, zote zimeng'olewa, bomba zimekatwa, gesi imeachiwa hewani, na wenye friji wameshaambiwa "imeungua hiyo, tafuta nyingine". Nikazipima mezani koili zake, yaani nyaya za shaba zilizosukwa kwenye mota ya ndani. Moja kweli ilikuwa imekwenda na maji. Ya pili nzima kabisa, kilichokufa ni relei tu, kile kifaa cha kuiwashia. Nikajisemea hapa somo linahitajika, maana kipimo chenyewe ni cha dakika kumi na hakidai ukate bomba hata moja.

Hatua ya kwanza: umeme. Chomoa plagi, usitegemee swichi ya ukutani. Kwenye AC zima breka, halafu hakikisha kwa mita kwamba umeme umekatika kweli. Kapasita ikiwepo, itoe chaji kwa balbu ya zamani ya waya, siyo kwa bisibisi. Tazama pia lebo ya kompresa: ikiandikwa R600a, hiyo gesi inawaka. Fungua madirisha, na jiko lizimwe.

Hatua ya pili: zifikie pini. Piga picha kwa simu kabla hujachomoa waya wowote, kesho utanishukuru. Toa kifuniko, kisha relei na ovalodi (kinga inayokata umeme kompresa ikichemka) kwa kuvuta mbele taratibu bila kupindapinda. Pini zile zimeshikwa na kioo. Kioo kikipasuka, gesi na mafuta vinakurukia usoni. Ukiona kutu imekula mizizi ya pini, ziache kwanza, upimie mwisho wa nyaya.

Hatua ya tatu ndiyo yenyewe. Weka mita kwenye alama ya Ω (omu, kipimo cha ukinzani), kipimo cha 200. Gusanisha ncha mbili uone inasoma ngapi. Yangu inasoma 0.4, na hiyo naitoa kwenye kila kipimo. Kwa friji haisumbui, lakini kwenye AC, ambako koili ya rani (ya kuendeshea) inaweza kuwa omu moja au mbili tu, hiyo 0.4 inakupotosha vizuri sana.

Sasa pima pini mbili mbili, uandike. Ile nzima ya mezani kwangu ilisoma hivi: ya juu na ya kushoto 34, ya juu na ya kulia 14, ya kushoto na ya kulia 20. Kubwa kuliko zote ni 34, kwa hiyo pini iliyobaki nje ya kipimo hicho, ya kulia, ndiyo komoni, pini inayoshirikiwa na koili zote mbili. Kutoka komoni, penye omu chache ni rani (14), penye nyingi ni stati, koili ya kuwashia (20), kwa sababu stati imesukwa kwa waya mwembamba zaidi. Jumlisha: 14 na 20 ni 34. Lazima ziafikiane, kwani ukipima stati kwenda rani unapita koili zote mbili kwa mfuatano. Usikariri kwamba komoni iko juu. Kila kiwanda na mpango wake.

Mita ikionyesha OL, au 1 peke yake upande wa kushoto, njia imekatika. Koili ikisoma chini sana kuliko karatasi ya kiwanda, au jumla ikigoma, huenda mizunguko imeshikana shoti ndani. Ila kumbuka ukinzani wa shaba hupanda kama asilimia 4 kwa kila nyuzi 10 za joto. Kompresa ya asubuhi ya Julai hapa Arusha haiwezi kusoma sawasawa na iliyotoka kazini mchana Moshi.

Na hapo Moshi ndipo nilipojifunzia kwa aibu. AC ya nyumba ya wageni kule Pasua, mwezi wa pili, jua kali. Komoni kwenda rani, OL. Komoni kwenda stati, OL. Nikamwambia mwenyewe kompresa imekufa. Kesho yake nimeshuka na kompresa mpya kwenye daladala, nikapima tena kwa mazoea tu: kila kitu kimerudi! Kapasita ya feni ya nje ndiyo iliyokuwa imekufa, kompresa ikachemka, na ovalodi ya ndani ikafunguka. Nauli na lawama vikawa vyangu. Nisingeaibika kama ningeangalia kwamba stati kwenda rani ilikuwa inasoma vizuri. Ukiona hivyo na komoni haiendi popote, acha ipoe saa kadhaa kabla hujafungua mdomo.

Hatua ya nne: bodi, yaani mwili wa chuma wa kompresa. Kwangua rangi kidogo kwenye bomba la shaba, peleka mita kwenye megaomu, pima kila pini na bomba. Inatakiwa OL. Vidole visiguse ncha mbili kwa pamoja, utakuwa unapima mwili wako. Mwenye megga (mita ya kupima uvujaji kwa volti kubwa) ya volti 500 atumie, inaona uvujaji ambao mita ya betri haiuoni. Lakini kompresa ikiwa kwenye vakyumu (imevutwa hewa yote ndani) usiipige megga kamwe. Umeme huruka ndani kirahisi na kuiunguza.

MASWALI

Mwanafunzi, Sakina: Shikamoo fundi. Friji yangu koili ziko sawa, bodi iko sawa, lakini inanguruma kidogo halafu tak, inakata.
Jibu: Marahaba. Koili kuwa nzima hakumaanishi kompresa nzima. Tikisa relei, ikichezacheza ndani kama kokoto, huenda imevunjika. Pili, pima volti wakati inajaribu kuwaka, hasa jioni. Ikishuka chini ya 195, usiilaumu kompresa. Tatu, ulisubiri? Ikizimwa ipe dakika tano, presha zilingane. Vyote vikiwa sawa na bado inagoma, imejamu.

Mama mtindi, Kiborloni: Mwanangu, friji inanitekenya nikiigusa. Ni kompresa?
Jibu: Shikamoo mama. Ichomoe sasa hivi, maziwa yahamie kwa jirani. Inaweza kuwa kompresa, waya uliochubuka, na mara nyingi soketi haina ethi. Fundi atenge kompresa kwa kuchomoa nyaya zake, apime hatua ya nne. Kompresa ikiwa safi, aendelee na nyaya. Na soketi itiwe ethi hata kama kosa litapatikana kwingine.

Fundi, Njiro: Mkuu, nina AC ya inveta, pini zote zinasoma sawa, 1.1. Shoti?
Jibu: Hapana, hiyo ndiyo afya yake. Ni fezi tatu, haina stati wala rani. Zikitofautiana ndipo uwe na wasiwasi. Usije ukaijaribu kwa kuichomeka moja kwa moja kwenye 230, utaiua. Hamia kwenye bodi ya umeme, yaani ubao wa saketi.

Fundi, Majengo Moshi: Mimi natumia kipimo cha mlio, ikilia najua nzima.
Jibu: Kaka, koili yenye shoti nayo inalia. Na mita nyingi hulia chini ya omu 30 au 50 hivi, kwa hiyo koili nzima ya friji inaweza kunyamaza ukaitupa bure. Geuza kitufe kwenye Ω.