Safari ya Dodoma na hela kidogo: anza na saa utakayofika

Watu wengi wakipanga kuja Dodoma au kupita kwenda Singida swali la kwanza ni nauli bei gani, mm nasema swali la kwanza liwe utafika saa ngapi. Nakaa Dodoma, nina duka dogo la nguo Chang'ombe ya hapa hapa Dodoma, Dar naenda karibu kila mwezi kufuata mzigo Kariakoo na kwa mama Singida naenda nikipata upenyo, kwa hiyo hii barabara naijua kwa mfuko wangu mwenyewe. Na nilichokiona ni kwamba nauli haimmalizi mtu, nauli unaijua kabla hujatoka nyumbani, kinachokumaliza ni vile ambavyo hukuvipigia hesabu, na vingi vinatokana na kushuka stendi saa mbaya.

Nitoe mfano. Nilitoka Dar kwenda Singida na mdogo wangu na mtoto wake mdogo, tukakata basi la mchana kwa sababu lilikuwa na unafuu wa elfu tano kwa kila tiketi kuliko la alfajiri, tukaona tumeokoa elfu kumi. Tumeshuka Singida saa tisa usiku, baridi na upepo wa kule mnaujua, gari za kijijini kwa mama zinaanza asubuhi. Bajaji mpaka gesti elfu saba, chumba elfu ishirini na tano cha kulala masaa matatu, mtoto akaamka ana njaa chipsi elfu nne. Elfu thelathini na sita imeondoka hivyo hivyo, kwa ajili ya elfu kumi. Nililala nimeumia moyo kwa kweli maana ile hela ilikuwa ni ya dawa za mama.

Tangu siku hiyo napanga safari kinyumenyume. Kwanza naandika naenda kulala wapi au nani ananipokea, pili kutoka stendi mpaka hapo kuna usafiri gani na unakoma saa ngapi, alafu ndo narudi nyuma kutafuta basi au treni itakayonifikisha kabla daladala hazijaisha. Ukishapata hiyo ndo unalinganisha bei, si kabla.

Haimaanishi basi la usiku ni baya, hapana. Mabasi yalizuiwa kutembea usiku kwa miaka mingi na ruhusa ya masaa ishirini na nne ilirudi Oktoba 2023, na kwa mtu anayejua kulitumia lile basi ni gesti inayotembea. Ukiondoka Mbezi, stendi kuu ya mabasi ya Dar, saa nne au saa tano usiku unafika Dodoma kunakucha, daladala zinaanza, umeokoa hela ya kulala na siku nzima ni yako. Shida ni yale yanayoondoka jioni yakakushusha usiku wa manane. Kwa hiyo usiulize tu kama ni la usiku, uliza linafika saa ngapi, na wakikuambia saa kumi na moja asubuhi uliza tena kwa mtu aliyelipanda wiki iliyopita.

Sasa SGR, ile treni ya umeme ya reli mpya, au basi? Treni ilipoanza kuja Dodoma Julai 2024 nauli ya daraja la kawaida kutoka Dar ilikuwa elfu 31, mtoto wa miaka minne mpaka kumi na mbili alilipa nusu ya hiyo. Basi kuna namna ya kujipigia hesabu mwenyewe, LATRA, mamlaka inayosimamia usafiri wa ardhini, walitangaza Desemba 2023 nauli kikomo za shilingi 48.47 kwa kilometa basi la kawaida na 67.84 daraja la kati, Dar na Dodoma ni kama kilometa 450, zidisha utapata karibu elfu 22 na elfu 30 na kitu. Viwango vinabadilishwa kila baada ya muda kwa hiyo angalia vya sasa, ila ile njia ya kuzidisha ishike, inakusaidia hata ukiwa unaenda Manyoni au Kondoa, mpiga debe akikutajia bei we unajua ukweli uko wapi. Na ukikata kwa simu au dirishani ukapewa risiti ya mashine una pa kusimamia, ukimpa hela mkononi mtu aliyekukimbilia getini huna.

Ukiangalia juu juu basi ni rahisi. Lakini weka vyote. Basi linakula masaa nane au tisa, hapo utakula njiani, utaingia chooni mara mbili, na ukienda Dar litakushusha Mbezi, kama safari yako ni Kariakoo bado una daladala au mwendokasi na foleni yake. Treni ni kama masaa matatu na nusu mpaka manne, na stesheni ya Dar iko kule mjini karibu na Kariakoo, unatembea. Mm kwa safari ya mzigo treni ya asubuhi ndo yenye faida, naenda nafunga mzigo narudi bila kulala Dar, ile hela ya gesti ya Dar ndo inayolipa tofauti yote. Mtu anayetoka Kibaha au Mbezi na anaenda Kibaigwa, huyo basi ndo lake maana linampita mlangoni na treni haisimami huko, asifuate mkumbo. Tiketi za treni kata mapema, sikukuu na mwisho wa wiki zinaisha, na nenda stesheni mapema na kitambulisho, kuna ukaguzi, ukichelewa treni haikusubiri na hapo umepoteza nauli nzima, hakuna uchumi unaouma kama huo. Kumbuka pia stesheni ya SGR Dodoma na stendi ya mabasi ya Nanenane ni sehemu mbili tofauti, kama kuna mtu anakupokea mwambie unashuka ipi.

Kuna safari nyingine hazikuhitaji wewe kabisa. Nimekaa miaka nakwenda Dar kufuata boksi moja la nguo, nauli kwenda na kurudi, kula, kumbe mwenye duka Kariakoo nikishamzoea ananifungia na kulipeleka kwenye basi, nalipa ya kifurushi tu, nalichukua Nanenane. Siku hizi naenda mwenyewe nikitaka kuchagua mzigo mpya kwa macho, mingine inakuja yenyewe. Omba risiti ya kifurushi na iandikwe kilichomo na thamani yake.

Kula njiani. Basi likisimama hotelini wanasema dakika kumi, watu mia wanagombania kaunta moja, unanunua kitu bila kuuliza bei na unakimezea kwenye siti. Sisemi hotelini wanakosea, wao nao wana gharama zao, ila wewe hukulazimika. Usiku kabla ya safari chemsha mayai, pika chapati au viazi vitamu, karanga zako kwenye kimfuko na maji chupa kubwa, mtu na watoto wawili mnafika Dodoma hamjagusa noti. Mtoto mpe kidogo kidogo, akishiba sana barabara ya Gairo itamtapisha. Weka na chenji za sarafu mfukoni za chooni, maana wakisimama kuchimba dawa ukatoa noti ya elfu kumi utaambiwa hakuna chenji na basi linapiga honi.

Kwenye hela yenyewe, makato yanatafuna watu bila wao kujua. Unatoa elfu kumi kwa wakala leo, kesho elfu kumi na tano, jioni elfu tano, kila mara unakatwa. Piga hesabu ya siku zote, toa mara moja, igawe, ya kurudia iweke mbali na nyingine kabisa, mm naiacha kwenye simu na sigusi. Palipo na lipa namba lipa kwa simu, mara nyingi inakula kidogo kuliko kutoa.

Sasa kulala Dodoma, na hapa nawaomba msome taratibu maana ndo wageni wanapoumia. Bei za gesti hapa zinafuata Bunge. Bunge la bajeti linaanza Aprili linaenda mpaka mwisho wa Juni na miezi hiyo mji unajaa, wabunge, madereva wao, watu wa wizara, waandishi wa habari, chumba cha elfu ishirini unakikuta thelathini na tano na bado unaambiwa kimoja tu kimebaki. Mgeni wangu mmoja alipiga simu akaambiwa bei, kufika jioni imepandishwa, na usiku ule hakuwa na pa kwenda ikabidi alipe. Wiki ya Nanenane mwanzoni mwa Agosti nayo ni hivyo hivyo upande wa Nzuguni, na kipindi cha mahafali ya vyuo. Kama safari yako haina tarehe ya lazima ipeleke nje ya hapo. Kama ni lazima, tuma hela ya usiku wa kwanza kabla, uandikiwe meseji yenye bei na tarehe, hiyo meseji ndo silaha yako ukifika.

Usilale mjini kama shughuli yako haiko mjini. Watu wanakuja kufuatilia mambo wizarani Mji wa Serikali Mtumba, wanapitiliza mpaka mjini, wanalala Area C, kesho yake wanarudi njia ile ile waliyokuja nayo, na jioni tena. Ukitoka Dar kwa basi unaipita Mtumba kwanza, unaipita Ihumwa, ndo unafika Nanenane. Mwambie konda mapema akushushe, ulale upande huo huo wa Ihumwa au Nzuguni, kila siku unaokoa nauli na saa nzima. Wenye shughuli mjini waangalie Makole, Majengo na huku kwetu Chang'ombe, kuna vyumba vya kawaida visafi, omba kuona chumba kabla ya kulipa, fungua bomba uone maji yanatoka, uliza chai ipo ndani ya bei, na ukikaa siku tatu au zaidi sema mwanzoni kabisa wakupunguzie, wengi wanakubali kama umeongea kwa adabu.

Maji ya Dodoma yana chumvi, mgeni anayashindwa, anaanza kununua vichupa vidogo vitano kwa siku. Nunua dumu kubwa siku ya kwanza uwe unajaza chupa yako. Na ukija Juni na Julai beba sweta, hapa tuko juu zaidi ya mita elfu moja na usiku kuna baridi kweli, nimeona watu wananunua jaketi usiku kwa bei ya kuumiza wakati kwao kabatini yapo matatu.

Daladala za mjini kwa umbali mfupi zilikuwa mia sita kwa viwango vile vya 2023, Nanenane mpaka mjini inakuhusu. Bodaboda kubaliana bei kabla hujakaa, na kama huijui muulize muuza duka au mama ntilie pale stendi, siyo bodaboda mwenyewe, we sema naenda Ilazo kawaida shilingi ngapi, watakwambia vizuri tu, watu wa hapa hawana roho mbaya. Mchana kula kwa mama ntilie Majengo sokoni, na kama hujawahi kula ugali wa uwele na mlenda wa Kigogo kula, unashibisha mpaka jioni na bei yake haifiki nusu ya sahani ya hotelini.

Ukibaki na siku ya kutembea, nenda Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa, iliingia urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2006 na watu wa Dodoma wenyewe wengi hatujafika, jambo linaloniuma. Lami imefika, unapanda gari za Kondoa au Babati asubuhi na mapema. Kiingilio cha Mtanzania ni kidogo ukilinganisha na mgeni wa nje, beba kitambulisho. Kinachokula hela kule ni usafiri kutoka ofisini Kolo mpaka kwenye miamba maana michoro imesambaa mbali mbali, alafu unapanda mlima kwa mguu, kwa hiyo usiende peke yako, nendeni wanne watano mchange gari na muongozaji mmoja. Sisi tulienda watano na kila mtu alitoa hela kidogo kuliko aliyoitumia mwenzetu aliyetangulia peke yake kwa bodaboda.

Zawadi za kubeba sasa. Zabibu zinavunwa mara mbili, Februari na Machi, alafu Agosti na Septemba, nje ya hapo utauziwa ghali. Usisubiri ununue dirishani basi likiwa linawaka, hapo hupimi, huchagui, na chenji unaifuata kwa kukimbia. Soko la Job Ndugai liko pale pale jirani na stendi ya Nanenane, fika nusu saa kabla, onja, pima kwa kilo. Mafuta ya alizeti na kuku wa kienyeji ukipita Singida ingia sokoni ndani, siyo barabarani. Na zabibu usikubali ziwekwe kwenye buti chini ya mizigo ya watu, pakata kwenye miguu mpaka Dar, zikipondeka kidogo tu mpaka Morogoro zimeshaanza kuchacha.