Pikapu ya zamani: kuweka diski mbele na power steringi bila kujidanganya

Ukitoka Iringa kurudi Dodoma, pale Nyang'oro barabara inapoanza kushuka kuelekea Mtera, ndo hapo pikapu yangu ilinieleza ukweli wake. Nilikuwa na viazi nyuma, gari ni Land Cruiser HJ45, sio hizi mpya zenye bomba la hewa pembeni, zinazoitwa mkonga, ile ya zamani kabisa, dramu tairi zote nne na steringi ya kusukuma kwa misuli. Kona ya tatu nasikia harufu ya kuungua, naminya pedali inazama, napampu inarudi kidogo, nikapiga gia ya pili injini inalia, na usukani nao una pleyi, yaani unacheza bure bila kugeuza tairi, kiganja kizima kwahiyo kila nikigusa breki gari linachagua lenyewe pa kwenda. Nilifika chini nikapaki pembeni, nikakaa juu ya jiwe kama nusu saa hivi sijaongea na mtu.

Sasa hivi mbele ina diski, ina busta ya kusaidia mguu kwenye breki, ina power steringi, na ninachoandika hapa ni jinsi ya kuifanya hiyo kazi, hata kama yako ni Hilux ya zamani mambo mengi ni yale yale.

Kwanza uelewe dramu inakuangushaje. Ikichemka inatanuka kwenda nje, inazikimbia shuu zinazoisugua kwa ndani, ndo maana pedali inazama. Diski ikichemka haizikimbii pedi zinazoibana pande mbili, na iko wazi inapigwa upepo. Halafu masika huku kwetu ukivuka korongo lenye maji dramu inayabeba ndani, mita mia zinazofuata huna breki, diski inayatupa ndani ya sekunde chache.

Kosa kubwa, na mimi nilitaka kulifanya, ni kukimbilia kununua power steringi wakati viungo vimekufa. Power steringi haiondoi pleyi, inaificha tu mpaka siku kiungo kichomoke. Kwahiyo kabla hujatoa hata shilingi, zima injini, tairi zikiwa chini, mtu mmoja akae kwenye siti awe anatikisa usukani kushoto kulia kidogo kidogo, wewe lala chini uweke mkono kwenye kila kiungo cha fimbo na mikono inayotoka kwenye usukani kwenda tairi, yaani tairodi endi, draglinki, pitmani, ile aamu ya katikati. Kilichochoka utakisikia kwa kidole kabla hujakiona, kinapiga tok tok. Kisha piga jeki mbele, shika tairi juu na chini uitikise. Ikicheza, mwambie mtu aminye breki, kama mchezo umepotea ni beringi za tairi, kama upo palepale ni beringi za kingpini, zile ambazo tairi linageukia ukikata kona. Vumbi la Dodoma linamaliza sana hizi za kingpini maana sili ikishakauka grisi inageuka udongo. Badilisha vyote, weka shimu (vibati vyembamba) mpaka nako, ile kono nene la chuma linalobeba habu ya tairi, igeuke kwa uzito kidogo bila kuyumba.

Na ile skrubu ya juu ya steringi boksi, ukiikaza ili kuua pleyi, ikaze tairi zikiwa zimenyooka, robo robo, halafu zungusha usukani mwanzo mpaka mwisho. Ukiikaza kupita kiasi usukani hautarudi wenyewe ukitoka kwenye kona, na hilo ni hatari kuliko pleyi yenyewe.

Haya, breki. Usinunue kalipa, ile inayobana pedi, na diski peke yake. Tafuta seti nzima ya mbele kutoka kwenye gari lililokuwa na diski, kwa Land Cruiser hizi watu wanachukua ya mfululizo wa 60, kuanzia nako kwenda nje, na pande zote mbili zitoke gari moja. Mimi nilizitoa Gerezani, ule mtaa wa spea kule Dar, zikapanda basi. Kabla hujalipa linganisha meno ya ekseli maana za miaka ya nyuma zina meno tofauti na zilizofuata, nenda na ya kwako mkononi hata wakikucheka. Na rimu pia, iweke juu ya habu uizungushe uone kama haigusi kalipa. Tundu sita zinaweza kuoana vizuri kabisa na bado ikakwama kwa ndani.

Masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukiminya pedali, ndo watu wanapojichanganya. Kama yako ni ya zamani yenye njia moja, hosi moja ikipasuka umepoteza tairi zote nne. Weka ya njia mbili kutoka gari lenye diski mbele na dramu nyuma, pamoja na busta yake. Usitumie masta ya dramu kwa diski, kwa sababu mbili. Kalipa inameza mafuta mengi kuliko silinda za dramu. Na masta nyingi za dramu zina kivalvu kidogo kwenye njia ya kutokea kinachobakiza presha kwenye paipu, kwa dramu ni sawa, kwa diski pedi zitabaki zimeng'ang'ania na ukifika Chipogolo, njiani kurudi Dodoma, rimu huishiki kwa moto. Mtaani utasikia fundi anasema pedi mpya lazima zichemke kidogo, mpole tu mwambie afungue masta atazame hicho kivalvu.

Busta inataka vakyumu, yaani mvuto wa hewa, na dizeli haina vakyumu ya maana kwenye manifoldi kama petroli. Lazima uwe na pampu yake, kwenye Toyota nyingi za dizeli iko mgongoni mwa alternata. Ukinunua alternata ya mtumba isiyo na pampu, busta inabaki pambo. Namna ya kuipima ni rahisi, injini imezimwa pampu pedali mpaka iwe ngumu kama jiwe, ishikilie kwa mguu, washa gari. Pedali ikishuka kidogo chini ya mguu, busta inafanya kazi.

Paipu usiunge na usitumie kopa ya friji, tumia za chuma za breki na ncha zikunjwe mara mbili. Nati za Toyota ni M10 uzi wa milimita 1, na kuna Land Rover nyingi za zamani mtaani zenye nati za inchi, tatu ya nane. Hiyo ya inchi inaingia kwenye tundu la Toyota, inashika kwa kulegea, unaona imekaa, siku ukiminya breki ya dharura ndo inatoka. Mimi moja niliikuta imeshafungwa kwenye gari langu, sijui ilikaa miaka mingapi.

Kutoa upepo kwenye paipu za breki sasa. Kwanza kaza shuu za nyuma mpaka ziguse dramu kidogo, la sivyo pedali itakuwa chini hata kama hakuna upepo. Anza tairi la mbali na masta, kwa usukani wetu wa kulia ni nyuma kushoto, kisha nyuma kulia, mbele kushoto, malizia mbele kulia. Kijana yuko juu, wewe chini na hosi ya plastiki ndani ya chupa yenye fluidi. Minya! Shikilia! Unafungua nipo, kile kiskrubu cha kutolea upepo, mapovu yanatoka, unafunga, ndo unamwambia achia. Akiachia kabla hujafunga mmevuta upepo upya, muanze mwanzo. Fluidi DOT 3 au DOT 4 ya kopo jipya, maana inavuta unyevu, lile kopo lililokaa wazi gereji tangu mwaka jana liache hukohuko.

Power steringi inahitaji boksi, pampu, hosi za presha, puli na kopo la mafuta, bora vyote vya gari moja. Sehemu ngumu ni kuifunga boksi kwenye chasisi. Chasisi ni bati lililokunjwa, liko wazi ndani, ukitoboa na kukaza bolti tu inabonyea, bolti zinalegea na baadaye chasisi inapasuka. Pitisha vipande vya bomba nene ndani ya matundu, vichomelewe, bolti zipite humo. Kuchomelea ni hapo tu. Pitmani, draglinki na tairodi hazichomelewi hata iweje, fundi akikwambia anazirefusha kwa welding ondoka na gari lako. Jaza ATF (mafuta ya giaboksi otomatiki), tairi za mbele zikiwa juu, injini imezimwa, zungusha usukani mwanzo mpaka mwisho kama mara 20 huku unaongeza, ndo uwashe. Na usiushikilie usukani mwisho wa kona muda mrefu, pampu inachemka.

Alaimenti unaweza kuanzia nyumbani. Chora mstari wa chaki katikati ya kila tairi la mbele huku unalizungusha, shusha gari, lisukume mbele kidogo, pima kwa tepu kati ya mistari upande wa mbele kisha wa nyuma, tepu ikiwa usawa wa habu. Kwa tairi za radial mbele iwe pungufu kwa milimita 1 hadi 3.

Jaribu kwenye barabara tupu bila mzigo, kwanza kilomita 20 kwa saa, halafu 40. Kisha kalisha pedi, kutoka 60 shuka mpaka 10 bila kusimama kabisa, mara nane au kumi, ukiacha zipoe katikati. Angalia na nyuma: diski za mbele zinaubadilisha uwiano, pikapu tupu ikigongwa breki tairi za nyuma zinaweza kuganda na mkia ukakupita. Ikitokea, weka valvu ya kupunguza presha ya nyuma.

Usiku wa kwanza nililaza boksi la karatasi chini ya gari, asubuhi nikakuta tone moja chini ya kalipa ya kushoto, washa ya shaba (kile kiringi bapa) haikukaa vizuri. Baada ya kilomita 200 nikarudia kukaza kila bolti ya boksi la steringi, mbili zilikuwa zimelegea.