Somo: Kupiga Picha Chini ya Maji kwa Lenzi ya Pembe Pana

Wengi wanaoanza kutumia lenzi pana huishusha majini wakiamini kwamba kazi yake ni kukusanya mwamba mzima kutoka mbali, na boti ikirudi ufukweni Kunduchi, Dar es Salaam, hukuta wamebeba picha za buluu tupu, zilizofifia kama kanga iliyofuliwa miaka mingi. Nami nilipitia hayo katika mizamio yangu ya mwanzo kisiwani Mbudya. Lenzi hii ni ya kusogelea. Kwa kuwa inaona eneo kubwa, hukuwezesha kupunguza maji yaliyo kati yako na unachokipiga, huku kitu chote kikibaki ndani ya picha. Maji hunyonya wekundu kabla ya rangi nyingine, na kufikia mita 5 hivi sehemu kubwa yake imekwisha kupotea. Kumbuka kwamba mwanga husafiri kushuka na pia kuvuka: ukiwa kina cha mita 3 na samaki yuko mita 2 mbele yako, rangi imepotea kama ya mita 5.

Hatua ya kwanza hufanyika nyumbani. Kasha la kamera lisilopitisha maji liwe na kioo cha kuba, yaani kilichobinuka kama nusu ya mpira, kwa sababu kioo bapa hupinda mwanga na kukupunguzia takribani robo ya upana ulioulipia. Kuba nalo lina sharti lake: huifanya mandhari yote ionekane kwa lenzi kana kwamba iko karibu sana. Kwa kuba lenye nusu kipenyo cha sentimita 10, hata kitu kilicho mbali kabisa huonekana kiko sentimita 30 hivi mbele ya kioo, hivyo lenzi isiyoweza kulenga karibu haitakufaa. Kisha toa ringi ya mpira ya kasha, ipitishe polepole kati ya vidole viwili, na usikilize kwa ncha za vidole. Unywele mmoja au punje moja ya mchanga inatosha kuingiza maji ya chumvi. Paka grisi ya silikoni kidogo tu, ya kuifanya ing'ae, halafu zamisha kasha tupu kwenye ndoo kwa nusu saa kabla ya kutia kamera ndani.

Hatua ya pili ni kuchagua siku. Bahari yetu huwa safi zaidi wakati wa kaskazi, kati ya Desemba na Machi, kabla masika haijashusha tope la Mto Msimbazi. Epuka maji yanayokupwa wakati wa bamvua, yanayotoka na uchafu wa mikoko. Ingia maji yakijaa. Mbudya na Bongoyo ni maeneo ya hifadhi tangu 1975, kwa hiyo lipa kiingilio na usiguse kitu.

Hatua ya tatu ni mwili wako. Asiyeweza kuelea palepale bila kupiga mapezi asibebe kamera bado. Tumbawe la mviringo huongezeka takribani sentimita moja kwa mwaka, na pezi moja huvunja kwa sekunde kilichokua tangu kabla hujazaliwa. Hili silifanyii msamaha kwa mwanafunzi yeyote.

Hatua ya nne ni mwanga. Weka tundu la lenzi f/8 au f/11 (namba ikiwa kubwa, tundu huwa dogo), maana likiwa wazi zaidi pembe za picha hufifia nyuma ya kuba. Pima kwanza maji yenyewe bila flashi: kasi ya shata ya 1/125 ya sekunde huyapa buluu iliyokolea, nayo 1/60 huyang'arisha. Ndipo uwashe flashi mbili, uzitanue kwenye mikono inayozishikilia na kuzirudisha nyuma ya kuba, ili kingo za mwanga ndizo ziguse tumbawe. Zikielekezwa moja kwa moja mbele, huangaza kila chembe inayoelea, na picha hujaa madoa kama unga uliomwagika.

Sasa shuka chini kidogo ya unachokipiga, sogea hadi sentimita 30, na uelekeze kamera juu.

Maswali ya wanachama

Mwalimu, shikamoo. Mimi sina flashi. Nifanyeje?

Marahaba, kaka. Usishuke zaidi ya mita 5 kutoka juu ya maji, upige kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, jua likiwa mgongoni kwako. Rekebisha weupe wa kamera (white balance) kwa kuilenga kwenye mchanga mweupe, na urudie kila unapobadilisha kina.

Naenda kisiwani Mafia kupiga picha za papa potwe. Nibebe flashi?

Ziache, dada yangu. Potwe huogelea karibu na uso wa maji, na jua linatosha. Tumia kasi ya 1/250, kaa ubavuni mwake, na usimkatie njia kwa ajili ya picha. Akigeuka kukukwepa, mwache aende.

Je, nawezaje kupata picha ya nusu maji, nusu hewa, nikiwa na ngalawa juu?

Tumia kuba kubwa, tundu f/16, na ulenge kilicho majini. Chovya kuba kabla ya kila picha, uinue nusu, upige mara moja kabla matone hayajajikusanya kwenye kioo.