Kabla hujaimwagia maji injini ya gari lako nyumbani

Swali la kwanza: kesho gari hilo linakwenda wapi? Kama lina safari, funga boneti, injini utaiosha ukirudi. Mbele nitaeleza kwa nini naliweka hili kabla ya mengine yote.

Pili, ujue unaosha kwa sababu gani. Sababu za maana zipo. Oili inavuja mahali, na tope la vumbi na mafuta limeganda kiasi kwamba fundi haoni inakotokea. Au unaishi pwani na chumvi imeanza kula vichwa vya bolti. Au unapaki chini ya mwarobaini na majani yamejaa pale chini ya waipa hadi maji ya mvua hayana pa kutokea. Kama ni vumbi tu, kitambaa kibichi na brashi ya rangi vinatosha, acha maji.

Injini iwe imepoa kabisa. Kichwa cha injini nyingi za sasa ni aluminiamu, manifoldi ya eksozi ni chuma, na chuma cha moto kikimwagiwa maji baridi kinaweza kupata ufa. Weka kiganja juu ya mfuniko wa injini. Ukishindwa kukiacha hapo ukahesabu hadi ishirini, subiri. Wakati mzuri ni asubuhi kabla gari halijawashwa. Injini ni baridi, na una jua la siku nzima mbele yako.

Anza na ukavu. Toa majani, toa kiota cha panya kama kipo, angalia na paka. Ukikuta waya umetafunwa, simama hapo hapo, uite fundi wa umeme kwanza.

Fungua terminali hasi ya betri kwa spana namba 10. Lakini kabla ya hapo hakikisha unajua namba ya kufungulia redio, maana magari mengi yaliyotumika Japani, umeme ukikatika tu, redio inajifunga na kudai namba ambayo aliyekuuzia hakukupa.

Maji nayo yaangalie. Dar es Salaam visima vingi vya nyumbani ni vya chumvi, na sisi tumezoea kuoshea magari maji hayo hayo. Kwenye bodi yanavumilika. Kwenye injini yakikauka yanaacha ukoko mweupe juu ya terminali na ndani ya soketi za nyaya, na baada ya muda shaba inaota kutu ya kijani. Yaonje: ukisikia chumvi, tafuta ya bomba au ya mvua. Ndoo mbili zinatosha kwa injini ya gari dogo. Mashine ya presha iache kwa ajili ya matairi, kwa sababu inapinda mapezi ya rejeta na inasukuma maji ndani ya soketi zilizotengenezwa kuhimili mvua na matope tu. Chukua chupa ya kunyunyizia, au mpira wa bustani usioubana mdomo kwa kidole.

Sabuni iwe ya maji, ya kuoshea vyombo au ya magari. Ya unga ni kali kwa aluminiamu. Petroli usiikaribishe kabisa, mvuke wake unatambaa chini na cheche moja tu inatosha kuondoka na gari, na pengine nyumba. Mafuta ya taa na dizeli, ambavyo gereji nyingi bado wanavipenda kwa sababu injini inatoka inang'aa, vinavimbisha mipira: hosi, bushi, fenibelti. Uzuri wa siku mbili, halafu belti inaanza kulia kila ukiwasha asubuhi.

Kufunika. Mdomo wa ea klina, altaneta, boksi la fyuzi, kontrol boksi (kompyuta ya injini), na distributa kwa magari ya zamani. Kaza mfuniko wa oili, sukuma stiki ya oili hadi mwisho, hakikisha kikopo cha mafuta ya breki kimefungwa. Rambo hazipo tena, Tanzania zilipigwa marufuku tangu tarehe 1 Juni 2019, kwa hiyo weka akiba ya nailoni za mkate na ukate vipande vya tyubu ya baiskeli vya kufungia. Zihesabu kabla ya kuanza na uzihesabu tena ukimaliza. Nailoni iliyosahaulika kwenye mdomo wa hewa inaikaba injini, iliyoangukia eksozi inayeyuka na kugandia pale.

Sasa koili, vile vifaa vinavyoipa plagi umeme wa kutoa cheche. Hapa ndipo nilipoumia mimi.

Nilikuwa na Toyota IST ya injini ya 1NZ. Kwenye injini hiyo koili ni nne, zimesimama kwa mstari juu ya injini, na kila moja imezama ndani ya shimo refu ambalo plagi iko chini yake. Mdomoni mwa shimo kuna mpira unaozuia maji. Gari likiwa jipya mpira huo ni laini. Gari la miaka kumi na tano, limepigwa joto miaka yote hiyo, mpira unakuwa mgumu kama ukucha na haubani tena. Mimi hilo sikulijua. Nilifunika altaneta, nikafunika fyuzi, nikajiona nimemaliza.

Ilikuwa Ijumaa jioni. Kesho yake mdogo wangu wa kike alikuwa anaolewa Tanga. Baba na babu wote wametangulia mbele ya haki, kwa hiyo walii, yaani mwozeshaji, ni mimi, na nikah ilipangwa baada ya sala ya adhuhuri. Nikaona gari la harusi haliwezi kwenda na injini imejaa tope. Nikaazima mashine ya presha kwa jirani, nikapiga maji kutokea juu, nikafuta kwa taulo, nikawasha. Ikaunguruma vizuri tu. Nikalala na amani.

Saa 11 alfajiri tukaondoka, mimi, mama, mke wangu na watoto wawili. Kibaha nikaanza kusikia kama gari linakohoa kidogo likipanda mlima. Nikasema ni mafuta, nilikuwa nimetoka kujaza. Hilo ndilo kosa langu la pili, tena kubwa kuliko la kwanza. Nikaendelea. Kabla ya Chalinze injini ikawa inatetemeka hadi chupa ya maji ya mama inacheza mlangoni, na taa ya injini kwenye dashibodi haikuwaka tu, ilikuwa inapepesa. Ikipepesa ina maana moja: injini inamisi vibaya, yaani kuna silinda haichomi mafuta, mafuta ambayo hayajaungua yanaingia kwenye eksozi, na masega yanayosafisha moshi humo yanapikwa. Unapaki hapo hapo. Mimi nilijikokota hadi Chalinze.

Fundi aliyetupokea alikuwa kijana, hakuuliza maswali mengi. Alivua mfuniko wa plastiki, akafungua bolti moja moja, akachomoa koili. Ya kwanza kavu. Ya pili kavu. Ya tatu ilitoka na mlio mdogo, kama kidole kinachomolewa kwenye chupa, na tone la maji likaning'inia kwenye ncha yake. Ubavuni ilikuwa na mstari mweusi mwembamba, unywele tu, kutoka juu hadi chini. "Umeme umepita hapa," akasema, "hii imekufa." Akachukua bomba la sindano lenye kipande cha mpira wa dripu, akaufyonza ule unyevu chini ya shimo. Maji yenyewe hayakujaza hata kizibo cha soda.

Koili ya IST Chalinze hatukuipata asubuhi ile. Nilimpigia mtu Kariakoo, akanunua, akaipandisha basi. Ilitufikia saa 8 mchana. Adhuhuri ilinikuta nimesimama kando ya barabara, simu sikioni, namteua baba mdogo aozeshe kwa niaba yangu. Ndoa ilifungwa, alhamdulillah, imetulia hadi leo. Lakini mdogo wangu alikuwa ananisubiri mimi, na mama alikuwa ameketi kwenye kiti cha plastiki cha fundi na mtandio wake wa harusi.

Kwa hiyo kabla hujagusa maji, ujue koili za gari lako ziko wapi na uzitendee hivi. Vua mfuniko wa plastiki. Tandika taulo kavu juu ya mstari wote wa koili, juu yake nailoni, funga kwa tyubu. Eneo hilo usilimwagie maji kabisa, lisugue kwa kitambaa kilichokamuliwa. Ukimaliza kila kitu, na betri ikiwa bado imefunguliwa, chomoa koili zote, tazama kila shimo kwa tochi ya simu. Ukiona unyevu, ufyonze kwa kitambaa kilichozungushiwa kijiti, au mwenye kompresa apulize. Usifungue plagi maji yakiwa bado humo, yatashuka ndani ya silinda. Mpira uliokakamaa badilisha.

Kukausha kusiwe kwa haraka. Boneti wazi juani kwa muda wa saa tatu au nne, nailoni zote zimetolewa. Rudisha terminali, washa, uiache injini iungurume bila kukanyaga mafuta hadi ipate joto lake. Ikitulia, zunguka mtaani kwako kwa siku moja au mbili kabla ya kuiamini barabara kuu. Maji yaliyojificha hayajitokezi dakika ya kwanza.

Mengine ya haraka. Gari la haibridi, lile lenye nyaya nene za rangi ya chungwa, usilioshe injini mwenyewe, umeme wake unaua. Mafuta ya breki yakidondoka kwenye rangi, yasuuze papo hapo kwa maji mengi. Usipake oili wala dizeli kuleta mng'aro, vumbi litarudi maradufu, na dawa ya kung'arisha plastiki isifike kwenye belti. Maji machafu yana oili, usiyaelekeze kisimani wala bustani ya mchicha. Mwaga mchanga au unga wa mbao chini, yafyonzwe, uzoe. Watoto wakae mbali, feni ya rejeta kwenye magari mengi inajiwasha yenyewe hata injini ikiwa imezimwa, kama betri imeshafungwa. Ukienda kununua gari ukakuta injini imeoshwa inang'aa, omba uliendeshe nusu saa ndipo uchungulie chini. Na kama unamwachia kijana wa kuosha magari, simama naye umwoneshe koili kwa kidole, kabla hajashika mpira.