Kabla hujatoa arubuni: kupigia hesabu matengenezo ya nyumba kongwe

Mie ni mwashi wa chokaa, na kazi yangu kubwa iko ndani ya Mji Mkongwe wa Zanzibar. Watu huniita wakishanunua. Ufunguo mkononi, mfuko mtupu, ndipo wanaponiuliza: "Fundi, hii itakula kiasi gani?" Swali hilo lina mahali pake, nalo ni kabla ya arubuni, kwa sababu bei ya nyumba kongwe ni ile anayotaja muuzaji ukijumlisha na kila kitakachotengenezwa ndani ya mwaka wa kwanza. Asiyejua sehemu ya pili hajui bei.

Anza juu, ushuke kama maji yanavyoshuka. Wengi huanzia mlangoni, wakapigwa butwaa na nakshi, wakafika paani jua limeshazama. Nenda asubuhi, na kama unaweza kusubiri, nenda masika au siku ya pili baada ya mvua ya vuli. Muuzaji akikwambia ngazi ya kupandia juu haipo, azima kwa jirani. Muuzaji akikukataza kupanda, funga daftari uondoke.

Juu tazama mabati, hasa penye misumari na pale paa linapokutana na ukuta. Upepo wa bahari hula misumari kabla ya bati. Ukiona viraka vya lami vimepandana, andika paa zima, usiandike viraka. Ukiulizia bei dukani, uliza kwa geji, yaani kipimo cha unene wa bati: 28 ni nene kuliko 30, na tofauti ya bei leo utaifurahia baadaye. Mfereji wa kupokea maji ya paa nao uandike, hata kama kwenye nyumba hiyo haujawahi kuwapo.

Sasa boriti, na hapa usiharakishe. Nyumba zetu hizi ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo, na kila sakafu imebebwa na miti ya mikoko. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba, aghalabu havifiki mita tatu: boriti ndiyo iliyoamua. Haiozi katikati unapoiona, huoza kichwani, pale ilipoingia ukutani na kunyonya unyevu. Chukua bisibisi, choma karibu kabisa na ukuta, boriti moja baada ya nyingine. Ikizama bila kazi, weka alama. Hesabu alama za kila chumba na uandike.

Kinachowaumiza wengi ni kudhani gharama ya boriti ni bei ya mti. Mti ndio mdogo. Lazima uweke nguzo za kushikilia sakafu, ubomoe chokaa ya juu, utoe kifusi, upachike boriti mpya, urudishie mawe, kisha chokaa ipigwe upya. Gari haliingii vichochoroni, kwa hiyo mchanga unaingia na kifusi kinatoka kwa rikwama na mabega ya mahamali, na kila safari ina malipo yake. Mikoko nayo haikatwi ovyo, ina masharti, basi usihesabu bei ya kuipata kwa njia za giza. Mpe fundi idadi ya boriti, umwambie akupe bei ya kila moja "ikishakaa mahali pake, na juu pameshapigwa".

Kuta zisome kwa timazi, ule uzi wenye uzito wa kupimia wima. Ukuta uliotoa tumbo haukarabatiwi kwa plasta. Mpasuko mwembamba unaonyooka tu aghalabu si tatizo. Unaopanda mshazari kutoka pembe ya dirisha ukutie wasiwasi. Bandika jasi nyembamba juu yake na umwombe muuzaji muda. Jasi ikikatika, ukuta bado unatembea. Usidhani unene ni kinga: Beit al-Ajaib, jumba la sultani la mwaka 1883, kwa ukubwa wake wote, sehemu yake iliporomoka Disemba 2020 na watu wawili wakafariki.

Ukikuta plasta ya saruji, ongeza pesa. Ukuta wa matumbawe unataka kupumua, saruji huufunga, chumvi na maji hubaki ndani, na unga mweupe unaouona umechomoza chini ni chumvi hiyo. Kuiondoa saruji ni kazi ya nyundo ndogo na subira. Chokaa nayo hulowekwa wiki kadhaa na hukauka taratibu, haipendi masika. Panga kazi Juni hadi Septemba, na kodi ya unakoishi ikiwa kazi haijaisha iweke kwenye hesabu. Hiyo wengi husahau.

Umeme, maji na choo sina maneno mengi: waya wa zamani badilisha wote, na karo, yaani shimo la maji machafu, lifunguliwe ulione. Muulize jirani bafu lake liko upande gani, kwani maji yake yanaweza kuwa ndani ya ukuta wako, na mkubaliane mbele ya sheha, kiongozi wa mtaa, nani analipa.

Kabla ya hayo yote, hakikisha inauzika. Nyumba ya wakfu haiuzwi. Ya mirathi inataka warithi wote, si kaka mkubwa peke yake. Na ndani ya Mji Mkongwe hugusi ukuta bila kibali cha Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji Mji Mkongwe.

Hesabu yenyewe sasa. Tarakimu ni za mfano tu. Muuzaji anataka milioni 80. Paa milioni 9, boriti 6, chokaa na kuta 5, umeme 2.5, choo na karo 1.5. Jumla 24. Mie huongeza robo, kwa kuwa nyumba kongwe ina siri. Penye saruji nyingi au dari ya mbao iliyoficha boriti, huongeza thuluthi. Robo ya 24 ni 6, basi matengenezo ni 30. Mwenye milioni 100 kwa jumla hana uwezo wa 80, ana uwezo wa 70. Dalali atasema kuna mtu mwingine anakuja jioni. Mwoneshe daftari, chumba kwa chumba, boriti kwa boriti. Muuzaji huishi na nyumba yake, anajua unachosema ni kweli.

Pesa zisipotosha zote, paa na boriti kwanza, rangi mwisho kabisa. Na vifaa nunua mwenyewe, fundi mlipe kwa hatua, uzuie sehemu ya malipo hadi mvua ya kwanza ipite. Nasema haya nami ni fundi. Anayekataa masharti hayo mwache aende.