Kupanga kozi za shahada ya masomo ya kimataifa: anzia muhula wa mwisho

Wengi hupanga kozi kwa kutazama ratiba ya wiki: hii ya asubuhi inafaa, ile rafiki kaichukua, nyengine mwalimu wake hatoi kazi nyingi. Mpango huo huvunjika mwaka wa tatu, tasnifu inapofika na mbinu za utafiti hazijasomwa.

Hatua ya 1: chora mihula 6, ujaze kutoka nyuma. Weka tasnifu muhula wa sita. Mbinu za utafiti zije kabla yake, na takwimu kabla ya hizo. Kando ya kila kozi andika mambo mawili: sharti lake la awali, na muhula inaofundishwa. Kozi nyingi hutolewa mara moja kwa mwaka. Ukifeli na sapu (mtihani wa marudio) ikakushinda, unakeri, yaani unaibeba kozi hiyo uirudie mwaka unaofuata, na kozi uliyokeri ina tabia ya kugongana saa na kozi ya lazima ya mwaka uliopo. Kwa hiyo zile zinazofungua nyengine zichukue mapema hata kama hazikuvutii.

Hatua ya 2: piga hesabu ya kredi. Kwa mfumo wa TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania), kredi 1 ni saa 10 za kazi yote: darasani, semina, kujisomea, kuandika na mtihani. Shahada ya miaka 3 haipungui kredi 360, yaani 60 kwa muhula. Hizo ni saa 600. Zigawe kwa wiki 15, unapata saa 40 kila wiki. Ukibeba kredi 72 zinakuwa saa 48. Mwenye zamu hotelini Nungwi aifanye hesabu hii kabla ya kujisajili, si baada ya kosiweki (jaribio la ndani ya muhula) ya kwanza.

Kredi ndizo pia uzito wa GPA (wastani wa alama zako). Ukipata B (pointi 3) kwenye kozi ya kredi 12 na A (pointi 5) kwenye ya kredi 8, unapata 36 + 40, gawa kwa 20: 3.8. Zigeuze alama hizo na inakuwa 4.2. Nguvu ziende kwenye kozi nzito.

Hatua ya 3: chagua eneo moja la kuchimba. Nadharia, historia ya diplomasia, uchumi wa kimataifa na sheria ya kimataifa ni za kila mtu. Za hiari ndizo zinazoharibiwa: moja ya Mashariki ya Kati, moja ya mazingira, moja ya vyombo vya habari, na mwisho wake huna mada ya tasnifu. Kwa aliyeko Unguja au Pemba, bahari ni chaguo zuri mno. Mkataba wa Sheria ya Bahari wa 1982 unaipa nchi ya pwani hadi maili 12 za baharini za bahari iliyo chini ya mamlaka yake na hadi maili 200 za ukanda wa uchumi. Samaki jodari wanasimamiwa na kamisheni yenye makao Seychelles. Na wavuvi wa kuhojiwa wako Malindi ya Unguja na Wete ya Pemba.

Ila sheria ya katiba isomwe kabla ya sera ya nje. Mambo ya nchi za nje ni ya Muungano, na ndiyo maana Zanzibar ilipojiunga na OIC (jumuiya ya nchi za Kiislamu) ilizuka hoja ya mamlaka, ikajitoa 1993. Bila katiba utalisoma suala hilo kama ugomvi wa vyama tu.

Hatua ya 4: lugha moja, mihula yote. Mihula miwili ya Kifaransa na miwili ya Kichina haikupi hata moja. Kama ulitoka skuli na Kiarabu, endelea nacho. Ni lugha rasmi ya Umoja wa Mataifa na ya Umoja wa Afrika.

Hatua ya 5: tia kalenda yetu. Ramadhani hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka, basi angalia itaangukia wiki gani za kosiweki. Kwa mafunzo ya vitendo, peleka barua za maombi muhula mmoja kabla. Wa Pemba ahesabu na nauli ya boti na chumba, maana nafasi nyingi ziko mjini Unguja.

Mpe mshauri wako wa masomo mpango huo autie saini, ubaki na nakala. Kila muhula linganisha kredi zilizo kwenye mfumo na zako; kozi isiyoonekana idaiwe kabla dirisha la usajili halijafungwa.